Jinsi ya kufunga monita tatu kwenye simyuleta ya mbio za magari: anza na futi kamba, monita baadaye

Wakuu, kila nikikutana na mtu anayecheza mbio za magari kwenye simyuleta swali ni lile lile, "nataka kufunga monita tatu, ninunue zipi?" na jibu langu huwa linaanzia mbali kidogo, namwambia kakae kwenye siti yako kwanza, shika usukani kama unaendesha kweli, alafu mwite mtu aje na futi kamba apime kutoka kwenye jicho lako mpaka pale kioo kitakapokaa. Ukinipa hiyo namba ndo tuongee habari za monita. Mi naamini kabisa monita tatu ni suala la umbali na pembe, ukikosea umbali hata uwe na kadi ya grafiki ya bei ya pikipiki barabara bado itakuja imevunjika machoni kwako.

Mi niko Dar, nimefunga seti mbili mpaka saivi, ya kwangu na ya mdogo wangu, stendi zote nimechomelesha hapa hapa mtaani, kwa hiyo nitakayoyasema nimeyapima mwenyewe kwa mkono.

Kwanini tatu na siyo moja kubwa

Chukua monita moja ya inchi 27, kioo chake kina upana wa karibu sm 60. Ukikaa sm 60 kutoka kwenye kioo, ile monita inafunika digrii 53 tu za unachokiona, na binadamu kwa macho mawili anaona zaidi ya digrii 180 kwa upana. Sasa gemu inabidi ichague moja kati ya mawili: ikuonyeshe ukubwa halisi wa vitu uwe kama unachungulia dirishani, au itanue FOV (upana wa pembe ambayo gemu inakuonyesha) ili uone pembeni, na hapo kila kitu kinasinyaa na kuonekana kiko mbali, ukuta wa kona unafika kabla hujautegemea na spidi unaihisi vibaya.

Mfano mzuri ni La Source pale Spa, uwanja wa mbio wa Ubelgiji, ile kona ya kwanza, inakata kulia kwa kali sana. Kwa monita moja yenye FOV ya kweli, ule ukingo wa ndani wa kona unapotea kwenye picha kabla hujaanza kukata, unabaki unakisia. Kwa monita tatu unageuza shingo kama kwenye gari, unauona kwenye kioo cha kulia, na kama kuna mwenzako amejipenyeza kwa ndani unaona bampa lake liko wapi. Mi hilo la mwisho tu lingenitosha kununua, maana ajali nyingi za mzunguko wa kwanza zinatokana na mtu kutomwona mwenzake aliyeko ubavuni.

Zile monita ndefu za inchi 49 ni sawa na za 27 mbili zilizounganishwa, ni nzuri na hazina usumbufu wa kupanga, ila pembeni haziendi mbali kama tatu. Miwani ya VR inakupa kina ambacho monita haina, lakini kwa joto la Dar mwezi wa pili kuvaa kitu usoni saa nzima ya mbio mi siwezi.

Hatua ya kwanza: pima jicho lako

Kaa kwenye siti, siti iwe imeshafungwa mahali pake pa kudumu, mgongo umeegemea, miguu inafika kwenye pedali bila kujivuta. Kama unatumia kiti cha ofisi chenye matairi fahamu kwamba vipimo vitahama kila unapohama, kizuie matairi kwanza ndo upime. Pima kutoka pale kati ya macho mawili mpaka mahali kioo cha kati kinaweza kukaa, na lengo ni kukisogeza karibu iwezekanavyo. Kwa watu wengi kinachozuia ni mota ya usukani, kioo kinakaa nyuma yake tu, au juu yake kidogo kikiwa kimeisogelea, na hapo unapata kati ya sm 55 na 75 kutegemea na mikono yako.

Andika hiyo namba kwenye karatasi. Pima na urefu wa jicho kutoka sakafuni, utauhitaji kwenye stendi.

Hatua ya pili: umbali ndo unachagua ukubwa

Hesabu ni hii. Chukua nusu ya upana wa kioo, gawanya kwa umbali wa jicho, tafuta tan kinyume kwenye kikokotoo cha simu, zidisha kwa 2. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, kikiwa kwenye radiani utapata kitu cha ajabu. Upana wa vioo vya kawaida vya 16:9 ni sm 53 kwa inchi 24, sm 60 kwa inchi 27, na sm 71 kwa inchi 32.

Nimeshakupigia chache. Inchi 24 ukikaa sm 55, kila kioo kinakupa kama digrii 51 na nusu, jumla 155 hivi. Inchi 27 kwa sm 60 ni 53 kila kimoja, jumla karibu 160. Inchi 27 hiyo hiyo ukirudi nyuma mpaka sm 70 inashuka kuwa 46, jumla 139. Inchi 32 kwa sm 70 ni 54, jumla 161. Inchi 32 kwa sm 60 ni 61 kila kimoja, jumla 183, hapo unaona mpaka kioo cha mlango.

Angalia vizuri hizo namba: 27 kwa sm 60 na 32 kwa sm 70 ni kitu kile kile, hata kwa urefu wa juu na chini zinakaribiana kwenye digrii 31 na kitu. Maana yake ni kwamba mwenye 27 aliyeweza kuvuta vioo sm 10 karibu hajapungukiwa chochote na mwenye 32, na ameokoa hela na chumba. Kwa hiyo kama rigi yako (ile fremu ya siti, usukani na pedali) inaruhusu kukaa karibu nunua 27, kama mota ya usukani ni kubwa na inakusukuma nyuma nenda 32. Za 24 ni nzuri kwa anayeanza, ila ukikaa zaidi ya sm 60 zinaanza kuonekana fupi kwa juu na chini, unakosa dashibodi.

Na pima chumba! Seti ya 27 ikishakunjwa inachukua kama sm 133 kwa upana na karibu sm 50 kwa kina, ya 32 ni kama sm 155 kwa 58, na hapo bado stendi na nafasi ya wewe kupita kwenda kukaa. Mdogo wangu ilibidi ahamishe kabati.

Hatua ya tatu: kununua

Sheria moja ambayo silegezi: zote tatu ziwe modeli moja. Siyo kampuni moja, modeli moja. Rangi zitafanana, urefu wa kioo utafanana, kingo zitafanana, na Nvidia Surround, ile ya kuunganisha vioo vitatu kuwa kimoja, inataka risolusheni moja (idadi ya nukta za picha) na kasi moja ya kioo (Hz, mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde) kwa zote. Ukichanganya utaona kioo cha kushoto kina nyasi za kijani na cha kulia kina nyasi za njano, kila kona inakukumbusha.

Tafuta zenye ukingo mwembamba, matundu ya VESA kwa nyuma (yale manne ya kufungia stendi), ya mm 100 kwa 100 au 75 kwa 75, na tundu la kebo ya picha ya DisplayPort. Aina za paneli ya kioo ni IPS, VA na TN: IPS naipenda zaidi kwa sababu rangi hazibadiliki ukiangalia kwa upande, VA ina weusi mzuri wa mbio za usiku ila baadhi zinaacha kivuli kwenye vitu vyeusi vinavyokimbia. TN mi siishauri hapa. Vioo vya kupinda vinafanya kazi, lakini gemu inachora kila kioo kama ubao ulionyooka, kwa hiyo vya kunyooka ndo vinaendana na hesabu moja kwa moja. Vya kupinda mistari itakuwa na kosa dogo ambalo wengine hawalioni na wengine linawasumbua.

Risolusheni sasa. 1080 (yaani 1920x1080) mara tatu ni pikseli milioni 6.2, 1440 (2560x1440) mara tatu ni milioni 11.1. Kioo kimoja cha 4K ni milioni 8.3, kwa hiyo 1080 tatu ni nyepesi kuliko 4K na 1440 tatu ni nzito kuliko 4K kwa theluthi moja. Kama kompyuta yako inahangaika na kioo kimoja cha 1440 usijidanganye na vitatu.

Kuna njia ya mtumba, na mi naiheshimu sana: zile monita za ofisini za inchi 24 zinazokuja kwa makontena, nyingi ni IPS, zina VESA na DisplayPort, na unaweza kupata tatu za modeli moja dukani kwa sababu zilitoka ofisi moja. Ziko 60Hz, siyo laini kama 144, lakini kwa kuanzia pembe na umbali vikiwa sahihi unafurahi kabisa. Ukienda dukani ziwashe zote tatu kwa pamoja, fungua ukurasa mweupe, angalia kama kuna iliyobadilika kuwa ya njano au yenye kona ya giza, alafu weka nyeusi tupu uangalie mwanga unaovuja na pikseli zilizokufa. Muuzaji akikuharakisha ondoka.

Hatua ya nne: kadi na kebo

Monita zote tatu zichomekwe kwenye kadi ya grafiki, siyo mbili kwenye kadi na moja kwenye mazabodi. Kadi nyingi za miaka hii zina DisplayPort tatu na HDMI moja, tumia hizo DisplayPort tatu kwa monita na HDMI iachie kioo cha nne kama utakuja kuwa nacho. Kebo ziwe za mita 2 hivi na za maana. Kebo mbovu inaleta kioo kuzima na kuwaka katikati ya mbio, na utalaumu kadi wiki nzima kumbe ni waya.

Kama moja lazima iwe HDMI, HDMI 1.4 ya zamani mara nyingi inaishia 120Hz kwa 1080, ile ya 2.0 inafika 144Hz kwa 1440, kwa hiyo soma kadi na monita vyote viwili ni toleo gani.

Hatua ya tano: stendi, na hapa ndo penye kazi

Mikono ya kubana mezani inayobeba monita tatu, nyingi hazikunji za pembeni kufika digrii 54 kwa vioo vya 27 (pembe ya kukunja ni zile digrii 53 za kioo kimoja, na kidogo kwa ajili ya ukingo wa plastiki), na baada ya miezi zinalegea na kuinama. Kama una rigi ya aluminiamu ya profaili unaweza kufunga vioo kwenye rigi yenyewe, ni safi, ila usukani wenye nguvu wa dairekti draivu (uliofungwa moja kwa moja kwenye mota) unatikisa vioo kila ukipanda kabi, zile kingo za barabara zilizoinuka. Stendi inayosimama yenyewe sakafuni, haigusi rigi, ndo mi naipenda, mtikisiko haufiki kwenye picha na ukitaka kusafisha unaivuta tu.

Kununua imetengenezwa nje ni ghali na mzigo ni mzito, kwa hiyo nenda kwa fundi wa kuchomelea na mchoro wenye vipimo. Mi nilitumia skwea paipu ya inchi 2 kwa miguu na nguzo mbili, ya inchi 1 na nusu kwa boriti ya mlalo na mikono ya pembeni, na mikono hiyo imeshikwa na bawaba za geti, zile nene za kuchomelea. Bawaba zinakupa uhuru wa kukunja pembe yoyote, alafu ukishapata pembe yako unaifunga kwa bolti ili isicheze. Kila monita ina plate yake ya chuma ya mm 3, kama sm 12 kwa 12, yenye matundu manne ya VESA, na plate inashika boriti kwa matundu marefu siyo ya duara, ili uweze kusogeza juu, chini, kushoto na kulia kwa sentimita tatu nne. Usikubali fundi akuchomelee plate moja kwa moja kwenye paipu. Atakwambia "hii haitoki kamwe" na ni kweli haitatoka, na ndo tatizo.

Sasa kuna kitu ambacho stendi yangu ya kwanza ilirudi kwa fundi mara mbili kwa sababu yake. Bawaba iko nyuma ya kioo, siyo kwenye uso wa kioo. Ukikunja mkono kuelekea kwako, nyuso za vioo zinakutana mapema na kugongana wakati bawaba bado ina safari. Kwa hiyo bawaba zisikae sawa na ukingo wa monita ya kati, lazima zitoke nje kidogo. Kiasi gani? Chukua umbali kutoka katikati ya bawaba mpaka uso wa kioo, zidisha kwa tan ya nusu ya pembe. Kama uso wa kioo uko sm 8 mbele ya bawaba na pembe ni 54, unapata sm 4. Basi kwa monita ya 27 yenye upana wa nje wa sm 61, bawaba kwa bawaba iwe sm 69, na kwenye mkono wa pembeni katikati ya plate iwe sm 34 na nusu kutoka kwenye bawaba, yaani zile 4 jumlisha nusu ya monita. Mpe fundi namba hizi zikiwa zimeandikwa kwa marka, pima mwenyewe kabla hajachomelea kabisa, aweke zile nukta mbili tatu za kushikilia kwanza, ufunge monita, ukunje, uangalie, ndo amalizie.

Bolti za VESA kwa monita nyingi ni M4. Zikiwa ndefu kuliko tundu zinagota ndani na zinaweza kutoboa, kwa plate ya mm 3 M4 ya mm 10 au 12 inatosha. Kaza kwa mkono na spana ndogo, hiyo ni plastiki kule ndani. Na kwa sisi tunaoishi pwani piga redi oksaidi (ile ya kuzuia kutu) kabla ya rangi, hewa ya chumvi inakula chuma kikiwa ndani ya nyumba pia.

Hatua ya sita: kupanga kwa uzi

Hapa weka simu pembeni, chukua uzi, timazi na pima maji. Ukikosa timazi nati nzito iliyofungwa kwenye uzi inatosha.

Anza na kioo cha kati peke yake. Katikati ya kioo kwa urefu kiwe sawa na jicho lako, ile namba uliyoandika mwanzo. Sababu ni kwamba kamera ya gemu ikiwa imenyooka mstari wa upeo unaangukia katikati ya kioo, na kwenye maisha upeo uko sawa na jicho. Kama usukani unaziba sana chini pandisha kidogo tu, sm 3 hivi, utazoea. Weka pima maji juu ya kioo.

Kisha kaa, mwenzako ashushe timazi kutoka juu mpaka iguse kati ya macho yako, afunge uzi pale darini au kwenye ubao ulioulaza juu ya siti, ukisimama ile timazi imebaki mahali kichwa chako kilipokuwa. Hiyo nukta ndo jicho. Sasa chukua uzi mwingine, funga fundo kwenye nukta, pima mpaka katikati ya kioo cha kati, tuseme sm 60. Peleka uzi huo huo katikati ya kioo cha kushoto, lazima iwe 60, na cha kulia 60. Alafu pima kwenye kingo: kutoka kwenye jicho mpaka kila ukingo wa picha lazima iwe karibu sm 67 kwa vioo vya 27, na 67 hiyo iwe ile ile kwa ukingo wa ndani na wa nje wa kila kioo cha pembeni. Ukingo wa nje ukiwa mbali kuliko wa ndani, mkunjo hautoshi, ukiwa karibu umekunja sana. Kwa 32 kwa sm 70, kingo zinatoka sm 78 na kidogo.

Kwa njia hii hata huhitaji kujua pembe ili upange, pembe inajipata yenyewe. Utaihitaji tu kuiandika kwenye gemu, na hapo protrekta ya kwenye mkebe wa hesabu wa mtoto inatosha, ipe ubao mrefu ulalie kwenye nyuso za vioo. Usishangae ukipima 54 wakati hesabu ilisema 53, ni kwa sababu ya ule ukingo wa plastiki kati ya picha na picha. Andika uliyopima, siyo uliyohesabu.

Seti yangu ya kwanza niliikunja digrii 30 kwa sababu ilionekana nzuri ukiingia chumbani, na magari ya pembeni yalikuwa yananyooka kama mpira, kichwa kilikuwa kinauma baada ya mizunguko kumi. Siku nilipoipanga kwa uzi maumivu yaliisha jioni ile ile.

Windows na dreva

Washa monita zote tatu kabla ya kompyuta. DisplayPort ina tabia kwamba monita ikizimwa kwa kitufe chake Windows inaweza kudhani imechomolewa, mpangilio wako unavurugika. Kwenye mipangilio ya kioo panga moja, mbili, tatu kushoto kwenda kulia, vichwa vyao viwe usawa mmoja kabisa, na ya kati iwe ndo kuu. Nenda kwenye mipangilio ya juu ya kila kioo uhakikishe Hz, mara nyingi unakuta kimoja kiko 144 na viwili vimebaki 60.

Nvidia: fungua NVIDIA Control Panel, nenda "Configure Surround, PhysX", weka tiki kuunganisha vioo, bonyeza Configure, vuta vioo vikae kwa mpangilio wake, washa. Utapata kioo kimoja kirefu cha 5760x1080 au 7680x1440. AMD: ndani ya Adrenalin, sehemu ya Display, kuna Eyefinity na Quick Setup, inafanya kitu kile kile. Ubaya wa Surround ni kwamba ukitoka kwenye gemu kila dirisha ukilikuza linaenea vioo vyote vitatu, kwa hiyo kama gemu yako inakubali kukimbia kwenye dirisha lisilo na fremu lililonyooshwa juu ya vioo vitatu, kama iRacing inavyokubali, jaribu hivyo kwanza.

Marekebisho ya ukingo yapo sehemu mbili, kwenye dreva na ndani ya gemu. Chagua moja. Ukiweka kote picha inarukwa mara mbili na gari linalokupita linapotea kati ya vioo. Kama gemu inayo, mi naiachia gemu.

Ndani ya gemu

Kitu cha kutafuta kwenye gemu ni uwezo wa kuchora picha tatu, kila moja kwa pembe yake. Gemu isiyo na huo inachora picha moja pana na kuivuta, ndo maana pembeni unaona matairi yamekuwa mayai, hata ukipanga stendi vizuri namna gani.

iRacing inayo na imeandaliwa vizuri, kwenye mipangilio ya grafiki unaingiza upana wa monita na kingo zake, upana wa picha tupu, umbali wa jicho na pembe, yote kwa milimita na digrii, na FOV inajipiga yenyewe. Hapo futi kamba imekulipa. Assetto Corsa ya kwanza ukitumia Content Manager, programu ya pembeni ya kuifungulia gemu, unachagua Triple Screen kwenye sehemu ya Video, ukishakaa kwenye gari unaweka vipimo vile vile. rFactor 2 inaita Multiview. Automobilista 2 nayo inayo, na Assetto Corsa Competizione pia, ila hiyo ya mwisho ni nzito, jiandae kushusha mipangilio.

Usirekebishe FOV kwa macho baada ya kuingiza vipimo. Siku mbili za kwanza utahisi gari liko karibu sana na spidi ni ndogo, vumilia, ubongo unakuja kukubali na utaanza kufunga breki sehemu ile ile kila mzunguko. Kama dashibodi haionekani sogeza siti ya ndani ya gari juu, chini au nyuma, usiguse FOV.

Mtihani wa mstari mnyoofu

Peleka gari pale pit lane (njia ya mbele ya gereji) ya Monza, uwanja wa mbio wa Italia, lisimamishe sambamba na ukuta mrefu. Ukuta unaanzia kioo cha kati unaingia cha pembeni. Kichwa kikiwa pale timazi ilipokuwa, mstari wa juu wa ukuta lazima uvuke ukingo bila kuvunjika. Ukivunjika pale kwenye kiungo pembe uliyoandika haiendani na pembe ya stendi, badilisha digrii moja moja uone unakonyooka. Mstari ukiwa umenyooka lakini umekatika, yaani upande mmoja uko juu kidogo, hiyo ni stendi, kioo kimoja kimepanda mm kadhaa, rudi kwenye yale matundu marefu. Na kama kuna kipande cha ukuta kimekosekana au kimejirudia, upana wa ukingo ndo umekosea. Fanya pande zote mbili, na fanya ukiwa na siti yako ya kweli na mkao wako wa kweli.

FPS

FPS ni idadi ya picha kwa sekunde. Vioo vitatu vinachosha kadi na vinachosha prosesa pia, kwa sababu gemu inaandaa dunia mara tatu. Kwenye iRacing ukiwa na Nvidia ya kuanzia GTX 10 washa SMP, inachora zile picha tatu kwa pamoja na unapata nafuu kubwa. Punguza idadi ya vioo vya kuangalia nyuma vya gari kwenye gemu, vivuli na watazamaji, hivyo ndo vinakula. Kwa maoni yangu kadi ya daraja la RTX 3060 inabeba 1080 tatu vizuri kwenye gemu nyepesi, na kwa 1440 tatu anzia daraja la RTX 4070. Weka kikomo cha FPS kidogo chini ya Hz za kioo, mwendo uliotulia wa 90 ni bora kuliko unaopanda 140 na kushuka 70 kwenye kona ya kwanza yenye magari ishirini.

Umeme: monita tatu za 27 zinakula kama wati 100 mpaka 150 kwa pamoja, juu ya kompyuta na usukani. UPS ndogo ya 650VA haitakuendeshea mbio umeme ukikatika, iweke kwa ajili ya kompyuta kuzima kwa heshima tu, na extension iwe ya waya mnene, siyo ile ya kuchajia simu. Feni ielekeze mgongoni mwa vioo, ukiwa umezungukwa na vioo vitatu joto linakaa na wewe humo ndani.

Baada ya wiki moja pita na spana kwenye kila bolti, chuma kinajikalia na plate za pembeni zinashuka mm mbili tatu, rudia uzi. Alafu chukua marka au rangi ya kucha weka alama kwenye reli ya siti pale ilipo, kwa sababu rafiki yako mrefu atakuja, atarudisha siti nyuma sm 8 afurahie mbio zake, na kesho yake we utakaa ushangae mbona ule ukuta wa Monza umevunjika tena.